Hewa ya Ndani ya Yai

"Jirani, hivi hewa nayo huisha?"

Aliniuliza hivyo mama wa mapacha wa nyumba ya pili, siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, huku ananisaidia kusugua masufuria. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amemwona marehemu akitolewa kisimani kama mtu aliyelala, hana jeraha wala tone la damu, na akili yake ilikuwa imegoma. Mtu hufa kwa kitu. Huyu amekufa kwa kitu gani?

Nilimjibu kwamba haiishi, ila huondoka ikamwachia mwingine nafasi.

Mume wangu alikuwa mchimba visima. Kazi hiyo ina desturi moja ambayo hairukwi: kabla mtu hajashuka, inateremshwa kandili kwa kamba. Ikifika chini inawaka, mtu anashuka. Ikizimika, hashuki mtu, hata kama mwenye kiwanja anatukana. Hewa mbaya ni nzito, hulala chini ya shimo kama maji, haionekani wala hainuki. Siku ile mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha, naye akasema kisima hiki nakijua, jana tu nilikuwa humu. Akashuka. Alipofika katikati alisema neno moja ambalo hakuna aliyelisikia vizuri, na kamba ikalegea.

Mdogo wake, yaani shemeji yangu fundi mwashi, alitaka kumfuata. Wanaume wawili walimkamata. Mmoja wao shemeji alimng'ata mkono hadi nyama ikaning'inia, mwingine akamvunja ubavu kwa kiwiko. Mguu wake mmoja ulishaingia shimoni nilipouchomoa mpini wa chuma wa gurudumu la kamba nikampiga nao mdomoni. Meno mawili yakatoka. Alianguka upande wa nje, damu ikamjaa kifuani, nami nikamkalia mgongoni mpaka ikaletwa kandili ya jirani, ikateremshwa, ikazimika mbele ya macho yake. Hapo ndipo alipoacha kupigana, akalia.

Mpaka leo akiwekewa nyama ngumu husema, "Mpeni shemeji, meno yangu anayo yeye."

Binti yangu wa mwisho alikuwa na miaka tisa, na aliyaona yote. Baada ya siku ile, mbali na sala zake, nilimfundisha jambo moja tu: moto ukikataa kuwaka mahali, toka mahali hapo.

Miaka kumi na saba baadaye alikuwa ndani ya Yai, na mimi nikiwa nje na kitambaa cha kufutia vioo.

Yai ni jina tulilolipa sisi wa mafagio. Lilikuwa jengo katika kituo cha utafiti nilikofanya usafi: nusu ya chini kuta nene za saruji mpya zilizopigwa lipu ya chokaa, nusu ya juu vioo, na mlango mmoja wa chuma uliozungushiwa mpira. Hewa haikuingia wala kutoka. Humo walifungiwa watu watatu kwa siku mia moja na ishirini pamoja na bustani ya maharage, viazi na mchicha. Mimea iwape watu pumzi, watu nao waipe mimea pumzi yao. Wakiweza humo, basi iko siku mtu ataweza kuishi kwenye sayari isiyo na hewa ya kuvuta.

Siku ya kufunga mlango, Mkubwa wa kituo alitukusanya wote, mpaka mpishi na mlinzi, akatueleza. Alikuwa na kipaji cha kueleza, sitamnyima haki yake. Alisema Zuhura ina hewa nyingi mno, inakukandamiza kama uliyezikwa chini ya bahari, na joto lake linayeyusha madini ya risasi kama mafuta ya kupikia. Mirihi nayo hewa yake ni nyembamba hivi kwamba ukivua kofia ya kioo, mate yanachemka juu ya ulimi. Dunia yetu imepata ya kiasi. Na katika hiyo ya kiasi, inayotuweka hai ni sehemu moja tu katika tano.

"Ikipungua kidogo hufi," alisema. "Kwanza unakuwa mjinga. Halafu unakuwa mkali. Kufa kunakuja mwisho."

Watu walicheka, wakaanza kutajiana nani kati yetu ameshapungukiwa. Mimi niliyashika maneno yale, na ni vizuri niliyashika, maana mwenyewe aliyasahau.

Sikuona kama anabishana na Mungu. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini nilijua mtu alifinyangwa kwa udongo akapuliziwa pumzi. Mkubwa alikuwa anajaribu kupima kilichopulizwa. Si dhambi kupima.

Waliofungiwa walikuwa hawa. Binti yangu, mkulima wao. Fundi mitambo, kijana mpole tuliyemwita Mrefu kwa sababu aliinama kila mlangoni. Na kiongozi wao, mwanajeshi mstaafu ambaye wenzake wa zamani walimwita Nyundo, na jina likamfuata. Mlango ungefunguliwa kwa njia mbili tu: Mkubwa aamuru kwa nje, au mtu wa ndani azungushe gurudumu lake. Ukifunguliwa kabla ya siku kutimia, jaribio limekufa na kituo kinafungwa. Tuliambiwa hilo bila kufichwa.

Udongo wa bustani ile niliutafuta mimi. Binti aliniambia, mama, nataka udongo wenye nguvu, nikaenda kwa wafugaji nikaleta samadi iliyooza vizuri, nyeusi, yenye joto ukiishika, imejaa vidudu. Toroli arobaini. Mkubwa mwenyewe aliifinya kiganjani akanisifu mbele ya watu. Nilivimba kichwa siku nzima.

Maharage yakapanda mpaka kwenye vioo. Watu ndio walionyauka.

Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo kwa nje kila asubuhi, na mtu anayefuta vioo huona. Kuanzia siku ya arobaini binti yangu alikuwa anapumzika kila baada ya majembe matatu. Mrefu alipanda ngazi ya hatua sita akakaa juu yake kama mzee aliyetoka safari. Midomo yao ilikuwa na rangi ya zambarau mbivu. Na juu ya paa kulikuwa na mfuko mkubwa wa mpira uliounganishwa na Yai, wa kuipa hewa ya ndani nafasi ya kutanuka na kunywea. Siku ya kwanza ulikuwa umekaza kama ngoma. Sasa ulikuwa umekunjamana kama shavu la kizee.

Nilimwambia Mkubwa. Akasema pengine pana tundu linalovuja. Siku mbili nzima nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, nikiwa nimepiga magoti, nikitazama kama litavimba au litafyonzwa. Povu lilikauka lilipokuwa. Hapakuwa na tundu.

Basi hewa imekwenda wapi? Kipimo cha oksijeni kilisema imeshuka. Lakini Mkubwa alisema kipimo kimeharibika, na sababu yake ilikuwa na mantiki: mtu au mdudu akivuta oksijeni hutoa hewa ya ukaa, kwa hiyo moja ikishuka nyingine lazima ipande. Hewa ya ukaa haikuwa imepanda. Akakifunika kile kipimo kwa karatasi, akaandika juu yake kwamba ni kibovu.

Huko ndani, Nyundo naye aliamini kipimo ni kibovu. Aliyeumwa kichwa alimwita mvivu. Siku ya hamsini na tatu alimkuta Mrefu amesinzia kwenye zamu. Alimwinua kwa shati, akampiga kofi, akamkalisha, akampiga tena, kwa mpango, kama mtu anayepigilia misumari. Sauti haikupenya kioo. Niliona tu kichwa cha Mrefu kikienda huku na huku, na binti yangu akimshika Nyundo mkono, na Nyundo akimsukuma mpaka mgongo wake ukavunja vigingi vya maharage. Niligonga kioo kwa ngumi. Nyundo aligeuka akanitazama, akashusha pazia la turubai upande wangu.

Mkubwa alizungumza naye kwa simu ya ndani, kisha akaniambia ni mambo ya kawaida watu wakikaa pamoja muda mrefu. Siku ya sitini na mbili Mrefu alionekana bila meno ya mbele. Siku ya sitini na sita jicho moja la binti yangu lilikuwa limefumba. Kila nilipolalamika nilijibiwa kwamba wamekwisha kuvuka nusu.

Nilikuwa nikisali, nikifika mahali pa kushukuru kwa pumzi, ulimi unakwama.

Siku ya sitini na tisa nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa anachanganya chokaa uani kwake. Yeye ndiye aliyepiga lipu ndani ya Yai, ndiyo maana nilimsimulia yote, kipimo cha oksijeni na cha hewa ya ukaa, nikitaka tu mtu wa kumnung'unikia. Aliacha koleo. Akaniuliza kama nakumbuka zamani wakimaliza kupiga lipu ya chokaa na mwenye nyumba ana haraka ya kuhamia walifanya nini. Nilikumbuka: waliwasha jiko la mkaa katikati ya chumba, wakafunga mlango, wakatoka mbio.

"Ukuta wa chokaa unainywa ile hewa ya mkaa, shemeji," alisema. "Ndiyo inayoufanya ugumu. Na saruji mbichi nayo ni hivyohivyo, mlevi na ndugu yake."

Tukatazamana. Samadi yangu ilikuwa inavuta oksijeni usiku na mchana, vidudu vyake mamilioni, vikitoa hewa ya ukaa, na ukuta wa shemeji ulikuwa unaimeza kabla kipimo hakijaiona. Mwizi nilimwingiza mimi, na shemeji ndiye aliyejenga mahali pa kumfichia.

Asubuhi ya pili yake tulikwenda wote wawili kwa Mkubwa. Hakutukaribisha kukaa. Shemeji alieleza kwa adabu, kofia mkononi. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia. Akasema kwa upole kwamba kila mtu ana kazi yake. Nilimkumbusha maneno yake mwenyewe, ya mjinga, mkali, na mwisho kufa. Uso wake ukabadilika. Alisema bado siku hamsini na kazi ya miaka kumi na moja ya maisha yake imo mle ndani, na hataifungua kwa sababu ya jiko la mkaa.

Tulitoka. Shemeji aliketi kwenye ngazi akijipangusa. Mimi nilichukua kitambaa nikaenda kwenye kioo, upande ambao turubai haikufika chini.

Binti yangu alikuwa ananisubiri pale. Nyuma yake, karibu na mlango wa chuma, Mrefu alikuwa amelala chali miguu imekunjika vibaya. Mkono wake mmoja ulikuwa bado unaelekea kwenye gurudumu la mlango, na spana kubwa ilikuwa sakafuni kando ya kichwa chake, na damu ilikuwa imefuata mteremko wa sakafu mpaka kwenye matuta. Binti hakunionyesha hayo. Alinionyesha kiberiti cha sanduku la dharura. Moto ulikatazwa kabisa ndani ya Yai.

Akawasha njiti. Kichwa cha njiti kililipuka, mti ukakataa, ikafa. Akawasha ya pili, akaikinga kwa kiganja kama baba yake alivyokuwa akiikinga kandili. Ikafa. Ya tatu aliiinua juu ili niione vizuri.

Nyundo alimjia kwa nyuma. Alimshika nywele akamgonga uso kwenye kioo, mbele yangu, mahali nilipokuwa nimeweka mkono. Nilisikia mtikisiko kwenye vidole. Alimgonga tena, na taya ya mwanangu ikahama ikakaa upande. Halafu alimwangusha akampigia goti kifuani, na mikono yake ikaenda shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa anahema mdomo wazi, macho yamemtoka, kama mtu aliye chini ya maji.

Nilirudi ofisini mbio. Mkubwa alikuwa ameyaona kwenye kioo cha mashine yake. Alikuwa amesimama, mkono juu ya swichi ya mlango, na hakuibonyeza. Nilimwambia fungua. Alisema subiri, Nyundo atamwachia, nipe dakika. Nilikuwa nimeshawahi kusubiri juu ya shimo, mtu wangu akiwa chini.

Mtaimbo wa mume wangu ulikuwa stoo, niliutumia kung'olea magugu kwenye njia. Niliubeba begani. Mkubwa alinikuta kwenye ukumbi akaushika, akanipinda mkono mpaka bega likalia, akanipiga kofi la uso nikaona nyota. Sikuuachia. Shemeji alitokea nyuma yake, akamgeuza kwa kola, akampiga kichwa cha pua. Walianguka pamoja juu ya ndoo yangu ya maji ya sabuni, shemeji juu, akimpiga, maji yakigeuka mekundu chini yao.

Nikakimbilia kwenye kioo nikakipiga. Pigo la kwanza lilinirudisha nyuma. La pili halikuacha hata alama. La tatu lilitoboa doa jeupe, na la nne mistari ikakimbia pande zote. Mtaimbo ulipopenya, hewa ya nje ilivutwa ndani kwa mluzi mkali kama wa birika. Majani ya maharage yalilala yote upande mmoja.

Nyundo aliusikia. Alimwachia binti yangu, akaja mbio akiyumba, na akafanya jambo ambalo bado naliota. Aligeuka akaliziba tundu kwa mgongo wake. Aliikumbatia fremu kwa mikono nyuma, akajikandamiza, akipiga kelele kwamba tunaua jaribio, kwamba tunaiba hewa yao. Alikuwa akiilinda ile hewa iliyokuwa inamuua.

Nilimwambia toka mara moja. Kisha nikausukuma mtaimbo kwa uzito wangu wote, nikausikia mfupa wa bega lake ukipasuka. Alianguka kifudifudi. Mluzi ukarudi.

Binti yangu alitambaa mpaka mlangoni akimpita Mrefu. Alilishika gurudumu kwa mikono miwili, akakaa kidogo na paji la uso kwenye chuma, anavuta hewa mpya, halafu akalizungusha.

Mrefu hakufa. Mkono wake wa kushoto haushiki tena hata kikombe. Wapimaji kutoka mbali walikuja na vipimo vyao, wakakuta kile kipimo kilichofunikwa karatasi kilikuwa kizima na kilisema kweli siku zote. Walimega kipande cha ukuta wakakipeleka maabara, kikatoa jibu la shemeji. Nao hawakumuuliza darasa. Kituo kilifungwa. Mkubwa alishtakiwa, na siku ya shauri nilisimama nikasema kwamba samadi niliileta mimi, maana ni kweli, na kwamba na yeye aliisifu, maana nalo ni kweli.

Nyundo alikuja nyumbani kwetu wiki ya saba tangu mlango ufunguliwe, akiwa nje kwa dhamana. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani, na kwenye ule mzima alibeba mfuko wa machungwa. Binti yangu alikuwa ameketi dirishani, taya imefungwa kwa waya, akinywa uji kwa mrija. Shemeji alikuwa anarekebisha kizingiti. Alisimama na mwiko wake mkononi, nikampa ishara akae.

Mgeni alipewa kiti. Aliyatazama machungwa, akautazama ule waya, akauweka mfuko chini polepole kama mtu aliyegundua amekosea nyumba. Alisema hana usingizi. Alisema jeshini hakuwahi kumpiga mtu aliye chini yake, tuwaulize wenzake. Mle ndani alikuwa akijiona kwa mbali, mikono ikifanya, na hata sura zao aliziona kama za adui. Daktari amemweleza kwamba ubongo ukikosa oksijeni mtu si yeye.

"Haikuwa mimi, mama," alisema. "Ilikuwa ile hewa."

Niliamini kwamba anaamini. Na sikuwa na haki ya kumtazama kutoka juu. Mimi nilimvunja bega nikiwa na hewa safi ya Mungu kifuani, na meno ya shemeji vilevile, na yote mawili ningeyarudia. Lakini binti yangu alikuwa ameacha kunywa. Alikuwa ananitazama, kwa sababu kinywa chake hakikuweza kusema.

"Mwanangu na Mrefu waliivuta hewa hiyohiyo," nilisema. "Siku zilezile sabini. Walimpiga nani?"

Nyundo alimgeukia binti yangu, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, kwa muda mrefu, waya, kovu la paji, jicho lililobaki na damu pembeni. Naye binti hakuinamisha macho.

Akainuka. Mkono wake ulitafuta mfuko wa machungwa, ukasita juu yake, ukauacha. Alikiruka kizingiti kibichi ili asikiharibu, akatoka.